Alama Nyekundu Mlangoni kwa Shangazi

Ulipita. Usiniambie hukupita, maana nilikuona.

Godoro lilikuwa nje, kabati limesimama juani kama mtu aliyepewa adhabu, shangazi yangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wewe ukapunguza mwendo, ukatazama, kisha ghafla ukakumbuka kwamba simu yako ina jambo la maana sana. Ukainamisha kichwa, ukavuka barabara.

Hata salamu hukutoa. Mtu akitolewa vyombo nje hasalimiwi siku hizi? Au ulidhani kufukuzwa kunaambukiza?

Sijakusamehe. Lakini kwa kuwa gazeti hili la mchana umelinunua, au unalisoma begani kwa mwenzako kama kawaida yako, tulia nikupe yaliyotufika wiki hii. Na safari hii usikimbilie ukurasa wa michezo.

Kwa aliyechelewa: mimi ndiye wanayemwita Kipaza, kwa sababu ya sauti yangu na kwa sababu siichoki. Filamu sikuisomea. Kusema kweli sikusomea chochote. Nilicho nacho nilikiokota mwenyewe, na nikishaokota kitu sikiachii. Tunatengeneza filamu fupi ya Krismasi, na watengenezaji ni watatu. Mimi mwenye hadithi na makelele. Jicho, mpiga picha wa harusi, mwenye kamera. Na shemeji yangu, mume wa dada, anayeshika maiki tuliyoifunga kwenye mpini wa ufagio.

Mmesoma jinsi mwigizaji wetu mkuu alivyotukimbia katikati ya sentensi. Mmesoma jinsi taa yetu pekee ilivyounguza pazia la watu. Nimesikia mlivyocheka. Haya, yale yalikuwa masihara.

Hadithi ya filamu yenyewe ni nyepesi. Mkesha wa Krismasi, mwanamke mjamzito anaingia kwenye ua wa nyumba za kupanga akitafuta pa kujistiri. Anakuta milango yote imepigwa alama nyekundu ya kubomolewa na wapangaji wanatoa vyombo. Watu wanaopoteza nyumba ndio wanaompa nyumba. Mwisho.

Usidhani nimeitunga hewani. Nilipokuwa mdogo tulikaa nyuma ya kinu cha zamani, na siku moja wakapita watu na ndoo ya rangi. Nakumbuka viatu vya aliyeshika brashi. Nakumbuka aliyesimama kando akimwonyesha milango, na leo anaitwa mheshimiwa. Na ninyi mliokaa ng’ambo ya barabara nawakumbuka pia: mlifunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Vumbi!

Shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni siku ile. Akatembea nami mpaka kwenye ua mmoja wenye lango la bati, akapata chumba, akanilea humo. Mimi nilihama nilipokua, yeye yumo mpaka leo. Chumba hicho ndicho ninachokililia. Ukisahau mengine yote, hicho usisahau.

Basi filamu tuliamua kuipiga palepale. Vyumba pande tatu, bomba katikati, kamba za nguo juu. Mchana wapangaji wote huwa kazini, kimya unakipata bure. Mwanamke mjamzito ataigizwa na binamu yangu, mwenye tumbo bapa kama sahani, kwa hiyo tulimfunga mto. Shangazi naye nikampa nafasi ya jirani anayefungua mlango.

Siku ya kwanza nikapiga alama kwa chaki. Jicho akatazama kwenye kamera, akaguna.

“Chaki haisomeki. Inakuwa kama kinyesi cha ndege.”

“Tuongeze chaki.”

“Kitakuwa kinyesi kingi. Tafuta rangi, Kipaza. Nyekundu. Rangi inayosema.”

Nikaenda dukani nikarudi na rangi inayosema. Shangazi akanitazama ninavyoikoroga, mikono kiunoni.

“We mtoto, hiyo inatoka?”

“Inatoka, shangazi. Maji na sabuni tu.”

“Nani kasema?”

“Muuza duka.”

“Na muuza duka ndiye atakayekuja kusugua?”

Nikacheka, nikapiga alama. Mlango wa kwanza, wa pili, nikazunguka ua mzima. Mlango wa shangazi nikaupiga mkubwa kuliko yote, kwa sababu ndio utakaoonekana karibu. Mkono uliruka wenyewe. Siku zote nilikuwa mtu wa kuchorewa. Siku hiyo nikaonja upande wa brashi.

Tulipiga kidogo, jua likatukimbia. Nikachukua ndoo na kitambaa, Jicho akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

“Unafanya nini? Usifute! Kesho tunaendelea na tukio hilohilo. Ukifuta ukachora upya, haitafanana. Mtazamaji ataona mlango umebadilika.”

“Mtazamaji gani ana macho hayo?”

“Kila mahali yupo mmoja. Na ndiye anayesemaga kuliko wote.”

Nikaacha. Nikasema moyoni, wapangaji nitawaeleza asubuhi.

Sasa uliza: shangazi si angewaeleza jioni ileile wakirudi? Angewaeleza. Ila shangazi nilimchukua kwetu kwa ajili ya mazoezi. Sentensi yake kwenye filamu nzima ni moja, “Karibu, ingia,” na hiyo moja ilimshinda.

“Karibu, ingia, futa miguu.”

“Shangazi, hakuna kufuta miguu.”

“Anatoka wapi huyo? Si njiani? Nimepiga deki mimi.”

“Ni Krismasi, shangazi. Mwanamke ana uchungu.”

“Basi afute mguu mmoja.”

Tulihangaika naye mpaka dada akatuletea mashuka. Akalala kwetu.

Kule uani wapangaji wakarudi kutoka kazini, wakakuta alama nyekundu kwenye kila mlango. Na hapa ndipo ninapotaka usikilize vizuri, wewe mwenye nyumba yako na jina lako kwenye geti. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyesema nani kachora, kwa amri ya nani, lini. Waliangalia milango, wakaangaliana, wakaanza kufunga mizigo. Fundi Cherehani, wa chumba cha mwanzo, alibeba cherehani kichwani, mkewe akabeba meza yake, wakatoka. Wengine wakafuata. Mtu aliyezoea kufukuzwa haulizi tarehe.

Asubuhi tunaingia sisi, tumebeba vifaa na vicheko. Ua kimya. Milango wazi. Vyumba vitupu, hata misumari ya kutundikia nguo imeng’olewa.

Jicho akashika kifua. “Yaani Kipaza! Umewapangaje hawa watu? Hii ni filamu ya kimataifa!”

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wametupisha. Nikasema, ona moyo wa watu maskini, wamesikia tunapiga filamu wakaondoa vyombo ili tupate nafasi. Nikataka hata kulia. Mimi, ninayejifanya najua kila kitu juu ya alama za rangi, nilisimama katikati ya watu waliofukuzwa nikafurahia mwanga.

“Na vyombo vya shangazi vitoke,” Jicho akasema. “Ndiyo tukio lenyewe.”

Tukavitoa. Kitanda, godoro, kabati, jiko, sufuria, picha ya marehemu mjomba yenye kioo. Shemeji alibeba kabati peke yake bila kusema neno, maana shemeji neno huwa hasemi. Tukapanga vizuri uani. Binamu akafungwa mto, shangazi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisubiri zamu yake.

Ndipo lango likalia.

Mwenye nyumba tunamwita Bwana Funguo, kwa sababu funguo zake huzivaa kiunoni kama shanga, na ukimsikia unajua yuko wapi kabla hujamwona. Kwa miaka amekuwa akitaka ua huu ujengwe ghala. Kwa miaka wapangaji wamemjibu kwamba wanalipa, hawatoki. Amewakatia maji, wamechota kwa jirani. Ameondoa taa, wamewasha mishumaa. Na asubuhi hiyo ameingia, nyuma yake kijana wake wa kazi amebeba kikapu cha makufuli, na mzee mwenyewe anang’aa uso kama aliyezaliwa upya.

“Shikamoo, mzee,” nikasema.

“Marahaba, marahaba! Endeleeni, msinijali.”

Akafunga mlango wa kwanza. Kufuli, ka! Wa pili, ka! Nikamfuata.

“Mzee, unafunga nini?”

“Vyumba vyangu.”

“Vina watu.”

“Viko wapi hivyo vyenye watu? Mke wa fundi kanipigia simu kuniuliza ufunguo auache kwa nani. Namwuliza kwani kuna nini? Ananiambia, alama. Alama gani? Nyekundu, mzee, mlangoni.” Akasimama, akashika mbavu kwa kucheka. “Nikanyamaza. Mimi mtu akiniletea zawadi simwulizi kaipata wapi.”

Nikatazama milango ile. Mwandiko wangu ulikuwa kila mahali.

Na kabla sijapata sauti, mimi Kipaza, akafika mlango wa shangazi. Akachungulia ndani. Ka!

Shangazi akainuka kwenye ndoo. “Bwana Funguo, hicho chumba changu.”

“Mama, chumba cha mtu kina kitanda. Hiki kina nini?”

“Kitanda hicho hapo nyuma yako.”

“Nakiona. Kiko nje. Kinahama.”

“Hakihami!” shangazi akafoka. “Kinaigiza!”

Jicho, muda wote huo, kamera inakwenda. Wala hakujua kama tukio limebadilika. “Mzee,” akasema, “geuka kidogo huku, tabasamu.” Na Bwana Funguo, niamini, akarekebisha kola akatabasamu.

Binamu ndiye aliyetaka kutuokoa. Akasogea taratibu, mkono mgongoni, mwingine tumboni, anapumua kwa mdomo. Bwana Funguo akamwona. Uso ukamlegea.

“Binti. Na hali hiyo uko juani?”

“Sina pa kwenda, baba.”

“Lini?”

“Siku yoyote, baba. Hata sasa.”

Yule mzee akakohoa. Akapapasa funguo. Akachagua mmoja, naapa, akauelekeza kwenye kufuli la shangazi. Binamu, kwa kunogewa, akaongeza kilio kimoja kirefu na kujikunja, na kamba ikafunguka.

Mto ukateleza, ukatoka chini ya gauni, ukatua juu ya kiatu cha Bwana Funguo.

Kisha shemeji, ambaye neno huwa hasemi, akasema:

“Amejifungua.”

Ufunguo ukarudi kiunoni. Mzee akaondoka bila kuaga, na kesho, akasema, analeta mabati ya kuzungushia.

Siku hiyo ndiyo uliyopita wewe. Sasa unajua ulichokiona.

“Tusihangaike,” Jicho akaniambia. “Nimepiga kila kitu. Twende ofisi ya mtaa, tuwaonyeshe.”

Tukaenda. Mtendaji alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai. Nikamweleza, na nilipomweleza nilipandisha sauti mpaka watu wa foleni wakaingia kusikiliza: mtu anafunga vyumba vya watu, bila notisi, bila haya, bibi mzima yuko nje. Mtendaji akatikisa kichwa kwa huruma.

“Ushahidi upo?”

“Upo!” Jicho akasema, akafungua kakioo ka kamera.

Picha ikaanza. Ni mimi. Nimeshika brashi. Ninacheka meno yote nje, ninasema, “Huu niupige mkubwa, waogope!”

Foleni ikaangua kicheko.

“Jicho,” nikasema polepole, “hiyo ulipiga ya nini?”

“Matayarisho! Harusi zote zinaanza na matayarisho. Bibi harusi anapambwa, wewe unapaka rangi. Watu wanapenda.”

Mtendaji akavaa miwani. “Kwa hiyo aliyewatisha wapangaji wakahama, ni wewe dada.”

“Ilikuwa filamu, bwana mkubwa.”

“Na mimi nisimame nimwambie mwenye nyumba asifunge vyumba vilivyoachwa wazi, kwa sababu ya filamu?” Akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kurudi kwake mapema. “Sikiliza. Mimi sina mambo mengi. Nikija pale nikamkuta mtu ndani ya chumba, huyo ni mpangaji, na anayetaka kumtoa atanieleza mimi. Nikamkuta nje, huyo ni mpita njia mwenye kabati. Haya, anayefuata.”

Nikamfuata Fundi Cherehani kwa dada yake alikojibanza. Nilimkuta ukumbini, kati ya viatu vya watu na baiskeli, anashona huku magoti yamegusa kidevu. Hakuacha kushona.

“Fundi, alama ile haikuwa ya kweli.”

“Najua. Nimekuona ukichora. Ukicheka.”

“Umeniona wapi?”

“Kwenye simu. Mtaa mzima umekuona.”

Nikamgeukia Jicho. Akaangalia dari. “Nilisambaza kidogo. Kuitangaza filamu.”

Nilimshika fundi miguu, sioni aibu kusema. “Nisamehe, kaka. Lakini kwa nini hukuuliza? Ungepiga simu moja tu!”

Cherehani ikasimama.

“Niulize nini, Kipaza? Kule kinuni, wakubwa wenu waliuliza?”

Nikashika pindo la kitambaa alichokuwa akishona.

“Rudi, fundi. Turudi wote, tuingie.”

“Tuingie wapi? Kuna kufuli. Mimi sirudi kusimama mbele ya mlango wangu kama mwombaji. Siku ukinionyesha uko wazi, nitakuja na cherehani yangu. Kabla ya hapo usinipotezee uzi.”

Nikarudi kwa shangazi. Alikuwa ametandika kitanda vizuri, palepale chini ya kamba za nguo, shuka limekunjwa kona. Nikamwambia twende kwetu.

“Nikitoka hata hapa uani, nimekwisha hama,” akasema. “Nenda kalale wewe.”

Hakunilaumu. Hicho ndicho kilichoniua. Angenitukana ningepona.

Leo asubuhi mabati yakaja kweli, mkokoteni mzima, na mafundi wawili wenye nyundo. Bwana Funguo nyuma yao. Lakini nikaona kitu. Mzee amevaa suti. Amenyoa. Kofia ameiweka upande.

Akanivuta pembeni, karibu na bomba.

“Ile sehemu yangu,” akanong’ona, “niliyotabasamu. Naonekana vipi?”

“Vibaya, mzee.”

“Vibaya vipi? Si niligeuka vizuri?”

“Uso uko vizuri. Kitendo ndicho kibaya. Unaonekana unamfungia bibi nje siku za Krismasi huku unacheka. Na Jicho unamjua. Simu yake haina mlango.”

Akainyoosha kofia. “Watu nitakaokuwa nao ukwe mwakani, wataiona?”

“Hao ndio wa kwanza.”

“Ifute.”

“Haifutiki, mzee. Lakini filamu haijaisha.” Hapo, msomaji, ndipo akili iliponijia, na ilikuja yote mara moja kama basi lililochelewa. “Mtu mbaya anaweza kubadilika mwishoni. Watu wanapenda sana. Wanalia.”

“Nabadilikaje?”

“Unaingia na funguo zako. Unasimama katikati. Unatazama juu kidogo, unakumbuka mama yako. Kisha unafungua milango, yote, kwa mkono wako mwenyewe, unasema: Haya, ingieni. Tunaweka muziki.”

Alikuwa tayari anatazama juu kidogo.

“Halafu?”

“Halafu mimi nasema ‘kata’.”

“Halafu nafunga tena?”

Nikamtazama usoni bila kupepesa. “Mzee, nikishasema ‘kata’, filamu imekwisha.”

Hilo halikuwa uongo. Hakuna neno hata moja la uongo mle ndani, unaweza kulisugua kwa maji na sabuni.

Akawaambia mafundi waweke nyundo chini. Akauliza kama suti ya kahawia si bora. Kisha akaja na lake.

“Lakini Kipaza, mimi nasema ‘ingieni’, anaingia nani? Yule mama mmoja na yule binti wa mto? Filamu gani hiyo? Nataka watu. Watu wengi, wenye furaha.”

“Na watabasamu,” Jicho akaongeza kutoka nyuma ya kamera.

“Nitakuletea watu, mzee,” nikasema. “Utawachoka mwenyewe.”

Jicho sijamweleza mpango. Akijua yeye, umekwisha sambaa kabla sijamaliza sentensi. Yeye gazeti huangalia picha tu. Bwana Funguo naye hadithi hasomi. Anasema ni za watu wasio na kazi. Kwa hiyo hapa tuko wewe na mimi peke yetu.

Nikampigia Fundi Cherehani. Nikasikia cherehani ikipiga, kisha ikaacha. “Mlango utakuwa wazi kweli?” Kweli, kaka. “Nakuja.” Lakini wenzake wametawanyika. Wawili hawapokei simu. Mmoja kasema hataki tena kusikia jina langu. Mwingine amekwisha pata pa kukaa, mbali, kwa mtu ambaye wiki ijayo atamtoa.

Na nikiwa naandika haya, kwenye meza ya dada, shemeji ameingia. Amesimama mlangoni. Nikajua kuna jambo, maana amefungua mdomo.

“Bwana Funguo ameleta watu wake,” akasema. “Ndugu na wakwe. Wamevaa sare. Wamekaa mbele ya milango wanasubiri kuingia. Anasema usihangaike, watu amepata.”

Umeelewa? Vyumba vikijaa watu wake, wetu wataingia wapi? Nitasema ‘kata’, ndugu zake watatoka wakicheka wakanywe soda, kufuli litarudi, ka! Shangazi atabaki kwenye ndoo. Kisha mtendaji atapita, ataona mpita njia na kabati lake.

Kwa hiyo weka gazeti chini. La, lichukue, utalikalia. Tunapiga leo, alasiri hii, jua likiwa bado na nguvu. Ua wenye lango la bati, nyuma ya kituo cha mafuta. Huhitaji kujua kuigiza. Huhitaji nguo nzuri. Beba godoro kama unalo, au mkeka, au mtoto. Ukimjua mpangaji yeyote wa pale, mshike mkono uje naye; mwambie Kipaza ameomba radhi na ataomba tena mbele ya watu. Ukifika pita katikati ya wenye sare, sema samahani, samahani, mimi ni mwigizaji, mpaka bega lako liguse mlango.

Bwana Funguo ataingia. Atatazama juu kidogo. Mpigie makofi, anayapenda. Akishasema “Haya, ingieni,” ingia mbele ya mtu yeyote, mwite fundi aweke cherehani yake, mwite shangazi aweke kitanda chake, ukae chini ukutani unyooshe miguu.

Na nikisema “kata”, usitoke.